Kumfundisha Mtoto Kulinda Akaunti kwa Hatua Mbili

Nenosiri pekee halitoshi kulinda akaunti. Watoto huazimana maneno ya siri kama waazimanavyo kalamu darasani, na wengi hulitumia neno hilohilo kwenye michezo, barua pepe na mitandao ya kijamii. Ndiyo maana watoa huduma za mtandaoni wameweka uthibitishaji wa hatua mbili: baada ya nenosiri, mtumiaji hutakiwa kuthibitisha kwa njia nyingine kwamba ni yeye.

Mzazi aanze na kitu ambacho mtoto amekwisha kukiona. Kwenye mashine ya kutolea fedha, mama huingiza kadi, kisha hubonyeza namba ya siri. Kadi ni kitu alicho nacho. Namba ni kitu anachokijua. Mwizi aliyeokota kadi bila namba hapati fedha, na aliyechungulia namba bila kadi naye hapati. Njia ya tatu ni maumbile ya mtu mwenyewe, kama alama za vidole zichukuliwazo wakati wa kusajili laini ya simu. Kisha amuulize mtoto: je, maneno mawili ya siri ni hatua mbili za namna hii? La, kwani yote mawili ni vitu anavyovijua, na aliyeweza kumlaghai akataja la kwanza ataweza kumlaghai akataja la pili. Mtoto wa darasa la tano hulielewa jambo hili upesi, pengine kuliko wazazi wake.

Ugumu upo kwingine. Ujumbe wenye namba ya uthibitisho huingia kwenye simu, na simu ya mama mara nyingi huwa mikononi mwa mtoto. Tapeli hupiga, huitikia shikamoo kwa upole, kisha husema: "Mwanangu, hebu nisomee namba iliyoingia hapo, tunarekebisha laini ya mama." Malezi yetu humfunza mtoto kumtii mkubwa, na tapeli huitegemea adabu hiyo. Kwa hiyo mtoto apewe ruhusa ya wazi ya kumkatalia mtu mzima katika jambo hili, awe mwalimu, mjomba au anayejiita ofisa wa kampuni ya simu. Apewe na maneno ya kusema: "Samahani, namba hiyo simsomei mtu. Nitamwambia mama." Kisha akate simu. Zoezi hili lifanyike nyumbani kwa sauti, baba akiigiza tapeli, hata kama watoto watacheka. Kicheko hakidhuru somo.

Mtoto ajue pia kwamba namba ya uthibitisho huandikwa na yule tu aliyeiomba, tena kwenye programu aliyokuwa akiifungua. Ikiingia bila mtu yeyote nyumbani kuiomba, huenda mgeni anajaribu kuingia, na inawezekana nenosiri analo tayari. Nenosiri hilo libadilishwe siku hiyohiyo.

Kwa WhatsApp, ambayo umri wa chini wa kuitumia ni miaka 13, fungueni Mipangilio, kisha Akaunti, kisha uthibitishaji wa hatua mbili, muweke namba ya siri ya tarakimu sita isiyo tarehe ya kuzaliwa. Wekeni na barua pepe ya kurejesha akaunti. Programu itaiuliza namba hiyo mara kwa mara ili isisahaulike. Mtoto aambiwe mapema asishtuke. Aidha, laini inayopokea namba za uthibitisho isitelekezwe. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kugawiwa mtu mwingine.

Na ikiwa mtoto amekwisha kuisoma namba? Asipigwe wala kutishwa. Dakika za mwanzo ndizo zenye thamani, na mtoto anayeogopa fimbo hunyamaza hadi kesho yake, wakati ndugu wamekwisha kuombwa fedha kwa jina la mama. Akaunti ya WhatsApp isajiliwe upya mara moja kwenye simu ya mwenyewe. Kufanya hivyo humtoa aliyeingia. Jamaa wapigiwe simu, wasiandikiwe ujumbe. Kama kuna shaka juu ya fedha za simu, mtoa huduma apigiwe kwa namba 100, na kwa Tanzania ujumbe wa tapeli utumwe kwenda 15040.