SOMO: Pombe na Desturi ya Mababu

Masomo: Yeremia 35:1-14, Mithali 23:29-35

Mara nyingi tunaambiwa kwamba kukataa pombe ni kudharau mababu. Tuchunguze neno hilo.

Ni kweli, mababu walikunywa. Kwa mahari, kwa kilio na kwa kupatanisha watu, malafu ya mchikichi yalitolewa mbele ya wazee. Lakini malafu huchachuka upesi, hayawekwi akiba.

Pombe kali ilikuja kwa merikebu. Wachuuzi wa Ulaya waliitoa pamoja na nguo na bunduki ili kununua watumwa. Hata mataifa yao wenyewe yaliona hatari: mkataba wa Bruxelles wa 1890 ulizuia biashara hiyo, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukazidi kuikaza. Bia nayo ilianza kupikwa katika kiwanda cha Léopoldville mwaka 1926. Basi makasiye ya bia yanayodaiwa leo kwa mahari, babu gani aliyaamuru?

Warekabi walikataa divai kwa sababu baba yao Yonadabu aliwaagiza hivyo, na Mungu akawasifu. Kwa hiyo kukataa nako ni urithi. Sisi, wana wa Papa Simon Kimbangu, tumepewa agizo hilo.

Tukienda kuposa, tuseme mapema na kwa heshima: mbuzi tutaleta, nguo na limonadi tutaleta, pombe hapana.

Maswali:
1. Warekabi walijaribiwa wapi, na nani?
2. Tutamjibuje mkwe anayedai bia?

Amina.