Homa imeshuka, mbona wanazidi kumpima?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka saba amelazwa kwa homa ya dengue hapa Dar es Salaam. Leo homa imeshuka, lakini wauguzi wamezidisha kumpima. Kuna nini?

JIBU: Pole sana, mama. Wauguzi wako sahihi. Katika dengue, hatari kubwa huja pale homa inaposhuka, aghalabu kati ya siku ya tatu na ya saba ya ugonjwa. Ndipo mishipa midogo ya damu huanza kuvuja maji, na kwa saa 24 hadi 48 mtoto anaweza kuishiwa nguvu ya mzunguko wa damu.

Hakuna kipimo kimoja kinachotabiri hilo. Wengi hukodolea macho idadi ya chembe sahani peke yake, na kwa maoni yangu hilo ni kosa. Zikishuka haraka huku damu ikizidi kuwa nzito, hapo ndipo tunashtuka.

Nawe uliye kando ya kitanda waweza kuona mapema: maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, kulegea au kuhangaika. Mbonyeze ukucha uwe mweupe, kisha uachie. Wekundu ukichukua zaidi ya sekunde mbili kurudi, au miguu ikiwa ya baridi, au asipokojoa kwa saa sita, mwite muuguzi papo hapo.

Usimpe ibuprofen wala aspirini. Huongeza hatari ya kutokwa damu. Na tafadhali, usiombe ruhusa ya kwenda nyumbani kwa sababu tu homa imeisha.