SOMO LA MWEKEZAJI: Upepo na mbono si biashara moja

Mfanyabiashara wa Babati hahitaji kufundishwa hatari ya soko lililo mbali. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei ya mbaazi huku kwetu ikaporomoka. Shamba lilikuwa lilelile na gunia lilelile. Aliyebadilika ni mnunuzi. Wiki hii tunatumia kipimo hicho kuzipima kampuni za nishati jadidifu zinazotafuta mitaji kwa watu wa kipato cha kawaida.

Kampuni ya Prokon

Prokon ni kampuni ya Ujerumani yenye makao yake katika mji wa Itzehoe. Ilianza mwaka 1995 na mitambo ya umeme wa upepo, kisha ikaingia katika mafuta ya mimea na mbao. Katikati ya miaka ya 2000 ilifika Mpanda, wakati huo ikiwa mkoani Rukwa na sasa Katavi, na kuingia mikataba na maelfu ya wakulima wadogo ili wapande mbono, au mbono kaburi, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta ya kuendeshea injini.

Mtaji wake haukutoka benki zaidi. Ulitoka kwa wananchi wapatao 75,000, waliotoa jumla ya Euro bilioni 1.4 hivi. Waliahidiwa riba ya angalau asilimia 6 kwa mwaka, kiwango kilichozidi sana kile cha akaunti za akiba za benki zao.

Hesabu ya upepo, hesabu ya mbono

Sheria ya Ujerumani ya mwaka 2000 ilimhakikishia mwenye mtambo wa upepo bei maalumu ya umeme kwa miaka 20. Mwenye mtambo alijua atauza kwa nani na kwa bei gani kabla hajamwaga zege.

Mbono hauna ulinzi wa namna hiyo. Lita moja ya mafuta huhitaji takriban kilo 4 hadi 5 za mbegu. Tuchukue mfano: mbegu inunuliwe kwa Sh 300 kwa kilo na itumike kilo 5. Mbegu peke yake ni Sh 1,500 kwa lita. Dizeli ikiwa Sh 1,700, zinabaki Sh 200 za magunia, lori, kukamua na mishahara. Dizeli ikishuka hadi Sh 1,400, kila lita ni hasara. Mnunuzi akijiokoa kwa kuishusha mbegu hadi Sh 150, mkulima ataiacha shambani, maana mbono huchumwa kwa mkono na jasho hilo lina faida kubwa zaidi kwenye mahindi.

Hili lilitokea kweli. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika Dola 147 za Marekani. Kabla ya mwaka kwisha lilikuwa chini ya Dola 40. Bioshape ya Uholanzi ilisimamisha kazi Kilwa mwaka 2009, na Sun Biofuels ya Uingereza ikasimama Kisarawe mwaka 2011. Hao walikuwa wamechukua ardhi kubwa ya vijiji, kwa hiyo wanavijiji walipoteza ajira huku mashamba yakiwa mikononi mwa wengine.

Karatasi waliyoshika

Wawekezaji wa Prokon hawakuwa na hisa. Walishika hati za kushiriki faida: hazina kura katika mkutano mkuu, na kampuni ikifilisika mwenye hati hulipwa baada ya wadai wengine. Januari 2014 wengi walitaka kurudishiwa fedha zao. Kampuni iliwaomba wavute subira, lakini tarehe 22 mwezi huo ikapeleka maombi ya ufilisi. Fedha za muda mfupi zilikuwa zimefungwa katika mali ya muda mrefu.

Julai 2015 wadai walipiga kura. Kampuni ya umeme ya EnBW ilitaka kuinunua kwa Euro milioni 550, wakakataa na kuigeuza Prokon kuwa ushirika wao. Walipoteza sehemu kubwa ya mtaji. Kilichobaki na thamani ya kuushikilia ushirika huo ni mitambo ya upepo.

Tujiulize nini hapa kwetu?

Kwanza, nani ananunua na kwa bei gani? Tanzania ina mikataba sanifu kwa miradi midogo, kilowati 100 hadi megawati 10, inayoiuzia TANESCO kwa bei zinazosimamiwa na EWURA. Omba kuuona mkataba, pamoja na rekodi ya malipo ya mnunuzi.

Pili, unamkopesha nani? Aliyenunua hatifungani ya kijani ya benki ya CRDB mwaka 2023 anaidai benki. Anayempa fedha mwenye mradi mmoja anaudai mradi huo tu.

Tatu, utatokaje? Hisa au hatifungani iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam unaweza kuiuza, ingawa pengine kwa bei ya chini. Ahadi ya mdomo kwamba utarudishiwa wakati wowote haina soko.

Msomaji akikosa jibu la moja kati ya hayo matatu, fedha zake zikae kwanza kwenye stoo ya mahindi.