Kwa Nini Nyuma ya Motokaa Hukimbia Kwenye Kona

Katika likizo iliyopita mjomba alituchukua, mama na mimi, katika motokaa yake kuukuu ambayo injini yake iko nyuma. Tulipokuwa tukiteremka kilima karibu na Kabanga, njia ikapinda ghafula. Mjomba akakanyaga breki katikati ya kona. Nyuma ikainuka, ikakimbilia pembeni, nasi tukajikuta mtaroni tunatazama tulikotoka. Kwa bahati njema hatukuumia. Waliokuja kutusukuma walilaumu barabara. Wengine walisema mjomba ana mkosi. Mimi nilitaka kujua sababu yenyewe, nikamwuliza fundi.

Msomaji, fanya jaribio hili. Simama wima, tanua mikono usawa wa mabega, kisha kunja viganja ili vidole vielekee chini. Kifua chako ni mwili wa motokaa, mikono ni ekseli mbili, viganja ni magurudumu. Sasa shusha mikono kidogo bila kubadili pembe ya viganja. Waona? Vidole vinaelekea ndani, chini yako. Ndivyo inavyokuwa nyuma ya motokaa ya namna hii inapoinuka: magurudumu hujikunja, tairi hukanyaga kwa ukingo tu, nayo haishiki ardhi vizuri.

Ekseli za namna hiyo zilitumika katika Volkswagen za zamani, na hata hivyo motokaa hizo zilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Basi ujuzi wa dereva ni kitu kikubwa. Baadaye ilikuja Datsun 240Z, ambayo magurudumu yake ya nyuma yalishikwa kwa namna nyingine yasijikunje sana. Ilishinda mwaka 1971, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Dawa ya motokaa kama ya mjomba ni hizi:

Kwanza, shokapu ziwe nzima, kwa sababu ndizo zinazozuia springi zisirukeruke. Za mjomba zilikuwa zimevuja mafuta yote.

Pili, tairi za nyuma zijazwe upepo zaidi kuliko za mbele, kama kitabu cha motokaa kinavyoagiza.

Tatu, springi bapa hufungwa kukingama chini ya giaboksi, izishike ekseli zote mbili zisishuke pamoja. Porsche walifanya hivyo katika baadhi ya motokaa zao za 356.

Nne, dereva apunguze mwendo kabla ya kona, wala si ndani yake. Dawa hii haina bei.

Mjomba amenunua shokapu mpya na kupima upepo. Fedha za springi bado anazitafuta. Siku ya kunirudisha shuleni tulipita kona ile ile. Alipunguza mwendo tukiwa bado juu ya kilima, na motokaa ikapinda kwa utulivu. Hata hivyo mama alishika mlango kwa mikono miwili mpaka tulipofika chini.