Kinyaunyau Asiye na Mama

Kinyaunyau hafai kutenganishwa na mamaye kabla ya wiki 8. Kwa nini? Kati ya wiki ya 2 na ya 7 ndipo anapozoea watu, na nduguze humfunza kutouma: akizidisha, mchezo unakatika.

Wetu aliletwa na wiki kama 5 tu. Alituuma vidole hadi dada akataka atupwe sokoni. Nikasema, "Ngojeni kwanza!"

Fanya hivi. Usimchezeshe kwa mkono, tumia kitambaa. Akiuma, usimpige; nyamaza, umwache kidogo. Watu mbalimbali wamshike kwa upole kila siku. Maziwa ya ng'ombe huweza kumharisha. Mpe chakula laini.

Siku hizi hulala mapajani mwa dada. Asiyefunzwa na mamaye, basi tumfunze sisi!