Kapsuli nne za rangi mbili

Mtoto amekesha na homa usiku kucha. Asubuhi mama anapita famasi ya jirani, huku Kikula, Likasi, na kununua kapsuli nne za amoksisilini. Kesho yake mtoto anacheza. Mbili zilizobaki zinawekwa kabatini zimngoje mgonjwa mwingine. Faranga ni chache, tunaelewa. Ila mama, tazama kilichotokea.

Kama homa ile ilikuwa malaria au mafua, dawa haikugusa kitu, maana amoksisilini huua bakteria peke yao. Huwazuia kujenga ukuta unaowazunguka, wakapasuka. Na kama homa ililetwa na bakteria, wanyonge hufa kwanza, na homa hushuka. Wagumu hubaki wakizaana: wapo wanaoikatakata dawa kwa kimeng'enya, wapo wanaoisukuma nje kabla haijafanya kazi, na mbinu hizo hupeana hata na bakteria wa aina nyingine. Anayekuwa sugu ni bakteria, si mwili wa mtoto. Ndiyo maana usugu huingia hata kwa jirani ambaye hajawahi kumeza kapsuli, kwa mikono, kwa maji, kwa choo.

Tifoidi imeshatuonyesha. Hapa Kongo, maabara zimekuta bakteria wake wengi hawasikii tena ampisilini, kloramfenikoli wala kotrimoksazoli, dawa zilizowaponya wazee wetu. Na tifoidi isiyotibiwa vizuri hutoboa utumbo. Nchini mwetu, kati ya Septemba 2004 na Januari 2005, iliwapata watu zaidi ya 42,000, na 214 walikufa.

Kipindupindu, ambacho Likasi tulikiona mwaka 2008, ni jambo jingine: kinachookoa ni serumu ya kunywa, ianze nyumbani wakati mgonjwa anapelekwa kituoni. Antibiotiki ataamua daktari.

Kwa hiyo homa ikija, mtoto atobolewe kidole apimwe malaria kwanza. Ukiandikiwa antibiotiki, uliza jina lake, saa za kumeza na siku ngapi, uzifuate zote hata akipona mapema. Zile za kabatini usimpe mtu; zirudishe kituo cha afya. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.

Na kama pesa haifiki dozi nzima, mwambie muuguzi palepale, kabla hajaandika. Usione haya. Mara nyingi ipo dawa ya bei ndogo inayotibu ugonjwa uleule, nawe utaondoka na siku zake zote mkononi.