Jina la Pili Kwenye Mkataba wa Nyumba

Wiki za kwanza baada ya harusi ni za kuhamisha vyombo. Kitanda, godoro, mtungi wa gesi, ndoo na masufuria ya kicheni pati ambayo bado yamo ndani ya maboksi, vyote vinatafutiwa nafasi kwenye vyumba viwili vya kupanga, na mazungumzo ya jioni ni ya mapazia na rangi ya ukuta. Katikati ya shughuli hizo kuna karatasi inayosainiwa haraka haraka, aghalabu na mtu mmoja tu: mkataba wa pango, au kwa waliojaliwa, mkataba wa mauziano ya kiwanja. Leo naizungumzia karatasi hiyo. Sheria ya Tanzania inailinda nyumba ya wanandoa kuliko wengi wanavyodhani, ila ulinzi huo umefungwa kwenye uhai wa ndoa. Ndoa ikikoma, kwa talaka na zaidi kwa kifo, swali la kwanza linakuwa ni jina la nani limo kwenye hati. Ndiyo maana nawasihi wanandoa vijana waandike majina yote mawili siku ile ile ya kusaini, kabla hakujawa na sababu yoyote ya kugombana.

Ulinzi wenyewe upo, na ni wa kweli. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke mwenye nyumba wanamoishi kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Akiiuza kwa siri, mwenzi aliyebaki ana haki ya kuendelea kukaa humo mpaka ndoa ivunjwe au mahakama iamue vinginevyo, isipokuwa mnunuzi athibitishe kwamba hakujua, na kwamba hata angeuliza kwa makini asingejua. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikakaza zaidi. Kifungu cha 114 hakiitambui rehani ya nyumba ya ndoa isiyo na ridhaa ya mwenzi anayeishi humo, na kifungu cha 161 kinamtwika mkopeshaji na mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenzi ameridhia. Ndiyo sababu afisa mikopo wa benki hudai sahihi ya mke au mume kabla fedha hazijatoka. Mwenzi asiye na jina kwenye hati, ikiwa ardhi imesajiliwa, anaweza pia kwenda kwa Msajili wa Hati na kuweka zuio, ambalo maofisa huliita kaveati, ili nyumba isihamishwe kimyakimya.

Wengi wakisikia hayo hupumua: kumbe nimelindwa, jina la nini tena? Hapo ndipo naomba tusome kwa utulivu. Kifungu cha 59 kinafanya kazi wakati ndoa ingalipo. Hakimpi mtu umiliki; kinamzuia mwenye umiliki asimtupe nje mwenzake. Umiliki unashughulikiwa na kifungu cha 60, nacho kinasema wazi: mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni ya huyo peke yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, iliyopatikana kwa majina ya wote wawili itachukuliwa kuwa ni yao kwa haki sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kila mmoja anaruhusiwa kupinga dhana hiyo mahakamani, lakini tazama nani anabeba mzigo. Asiye na jina ndiye anayetakiwa kuleta mashahidi, risiti na nauli za kwenda mahakamani, na mwenye jina anaanza kesi akiwa ameketi. Ni kweli kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi kinamsaidia: ardhi iliyochukuliwa kwa matumizi ya wanandoa wote huhesabiwa kuwa ni yao wote, isipokuwa hati iseme bayana kuwa ni ya mmoja, na mwenzi aliyeitunza au kuiendeleza ardhi kwa jasho lake hupata haki ndani yake. Hata hivyo jasho nalo lazima lithibitishwe, na miaka kumi baadaye fundi aliyejenga amehama na jirani aliyeona amefariki.

Kwenye kifo ndiko jambo hili linakouma zaidi. Mume akifariki na nyumba ikiwa kwa jina lake tu, nyumba nzima inaorodheshwa kwenye mirathi yake. Mirathi ikienda kwa sheria za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, ambazo zinahusu jamii zinazofuata ukoo wa baba, mjane hana fungu la urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Anatazamiwa kutunzwa na watoto wake. Tangazo hilo lilipingwa Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ilikiri kuwa lina ubaguzi lakini haikulifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili walioondolewa majumbani mwao kwa mwavuli wa mila hizo. Mirathi ikienda kwa sheria ya Kiislamu, mjane ana fungu lake, robo kama marehemu hakuacha mtoto na thumni kama ameacha, lakini hilo nalo ni fungu la kile alichokimiliki marehemu. Nyumba ikiwa na majina mawili kwa nusu kwa nusu, kinachoingia kwenye mirathi ni nusu ya marehemu tu, na nusu ya mjane haiguswi na shemeji wala wifi. Mke akitangulia, kanuni ni hiyo hiyo: mume aliyejenga kwenye kiwanja chenye jina la mkewe pekee atakaa na wakwe zake meza moja wakigawana.

Kuna njia mbili za kumiliki pamoja, na kuchagua kati yake ni jambo la kujadiliana kabla ya kwenda kwa mwanasheria. Ya kwanza ni kumiliki bila kugawanya: hakuna mwenye sehemu yake, wote wanamiliki yote, na mmoja akifariki nyumba inabaki kwa aliye hai moja kwa moja. Ya pili ni kumiliki kwa hisa: kila mmoja ana sehemu yake, hata kama hakuna mstari uliochorwa katikati ya sebule, na akifariki sehemu hiyo inakwenda kwa warithi wake. Kwa wenzi vijana wasio na watoto wa nje, mimi naipendelea ya kwanza. Penye watoto wa ndoa iliyotangulia, au penye mke zaidi ya mmoja, ya pili ina haki zaidi kwa kila upande. Mkataba ueleze ni ipi, kwa maneno.

Pingamizi ninalolisikia mara nyingi ni kwamba kudai jina ni kutoaminiana, na kwamba aliyeoa kwa mapenzi hahesabu mali. Naliheshimu pingamizi hili kwa sababu linatoka mahali pema, lakini halijibu swali la kifo. Mume mwenye mapenzi ya kweli hawezi kuahidi kwamba atakuwepo siku ndugu zake watakapokutana kugawa mali yake. Anachoweza ni kuandika jina la mkewe leo. Ridhaa ya harusi yenyewe ilitiwa sahihi mbele ya mashahidi, na hakuna aliyesema sahihi zile zilikuwa dalili ya kutoaminiana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vipi kama fedha zote ni za mmoja? Kijana amekopa kwenye SACCOS, amelipa kiwanja peke yake, na sasa anaambiwa aandike jina la mtu ambaye hakutoa shilingi. Jibu la kwanza ni kwamba sheria haimlazimishi. Anaruhusiwa kumiliki kwa jina lake, na wapo wenye sababu nzuri za kufanya hivyo. Wanaotaka haki bila usawa wa hesabu wanaweza kuandika hisa zisizolingana, sabini kwa thelathini kwa mfano. Jibu la pili linahusu neno "hakutoa". Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kinachoongoza mgawanyo wakati wa talaka au kutengana, kinataja mchango wa fedha, mali na kazi. Tazama nyumba ikijengwa: nani anachota maji ya kuchanganyia zege alfajiri, nani anapikia mafundi, nani anabaki kulinda mifuko ya saruji isiibiwe, nani analipa chakula cha mwezi mzima ili mshahara wa mwenzake uende kwenye bati? Hiyo yote ni kazi yenye thamani mbele ya sheria. Upungufu wake ni kwamba haitolewi risiti. Kwa hiyo zile risiti zinazopatikana, za nondo, misumari na mbao, ziandikwe jina la aliyelipa hasa, na ujumbe wa simu wa malipo kwa fundi uhifadhiwe. Msomaji wa Kenya naye asidhani katiba imemmalizia kazi: Januari 2023 Mahakama ya Juu huko ilisema usawa wa wanandoa haumaanishi kila mmoja anapata nusu bila kuuliza, mchango unathibitishwa.

Lipo jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha wazazi. Baba anasema, mwanangu, jenga hapo pembeni. Wanandoa wanaweka akiba yao yote pale. Kifungu cha 59 kinalinda nyumba ambayo mume au mke ana haki ndani yake, na hapa ardhi ni ya mzee. Mzee akifariki, kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake pamoja na ndugu wote, na ndoa ikivunjika mke anaambiwa kuwa mumewe hakuwa na nyumba ya kugawana. Dawa yake ni ya mapema: kabla ya kuchimba msingi, mzee aandike hati ya kutoa kipande hicho, chenye vipimo na mipaka, watoto wake wengine wakiwa mashahidi. Mzee mwenye nia njema hakatai, na ndugu wakilalamika, bora walalamike kabla tofali la kwanza halijalazwa.

Wanaopanga wasidhani hayo hayawahusu. Mkataba wa pango uwe na majina mawili na risiti ya kodi vivyo hivyo, ili mmoja akisafiri au akiondoka, aliyebaki asiwe mgeni mbele ya mwenye nyumba.

Kwenye mauziano, hati nyingi huanza na maneno "Mimi fulani nimemuuzia fulani". Nafasi hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia kabla kalamu haijashikwa. Yaandikwe majina matatu ya kila mmoja kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, si "Mama Fulani" wala ubini wa mume ambao mke hajaubadili kisheria, maana jina lisilolingana na kitambulisho linazaa usumbufu baadaye. Yafuate bei, vipimo, majirani wa pande zote nne, tarehe na mashahidi wa pande zote mbili. Kijijini, hatimiliki ya kimila nayo inaweza kutolewa kwa majina ya wanandoa wote wawili. Omba hivyo wakati wa kupimiwa. Cheti cha ndoa kitunzwe pamoja na hati. Walioanza kuishi pamoja bila ndoa wajue kwamba baada ya miaka miwili kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaweza kuwadhania kuwa mke na mume, lakini dhana hiyo hupatikana mahakamani na inaweza kupingwa.

Asiyemudu wakili anaweza kumwendea msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yake ni bure. Kama hati yenu tayari ina jina moja, la pili linaweza kuongezwa kwa kuhamisha sehemu ya umiliki, na kuna fomu na ada zake. Nendeni pamoja ofisi ya ardhi wakati wote wawili mko hai na mnapatana, kwa sababu sahihi ya mwenye jina ndiyo itakayohitajika.